Mtoto anataka kujenga "mizigo" nyuma ya nyumba, na mimi nina bustani yangu pale

Dereva Mstaafu (Tororo) aliandika:

Wandugu, habari zenu. Mimi ni mzee wa miaka 63, niko hapa Tororo, upande ambao ukifungua mlango wa nyuma unauona ule Mwamba wa Tororo wote. Nimeendesha lori miaka 31, Mombasa hadi Malaba, Malaba hadi Kampala, na mwishoni nikawa napelekwa Juba kupitia Elegu. Kiswahili changu nilikiokota Changamwe nikisubiri mzigo utoke bandarini, kwa hiyo nikichanganya mtanisamehe.

Nina maswali mawili, moja la moyo na moja la udongo.

La moyo ni hili. Nyuma ya nyumba nina kiwanja cha hatua 14 kwa 9, nimekipima kwa miguu yangu. Mtoto wangu wa kwanza, anayeishi Kampala, anataka tujenge pale mizigo minne ya kupangisha. Nyinyi wa Kenya na Tanzania msishangae: huku Uganda "muzigo" ni chumba kimoja cha kupanga, mlango mmoja, dirisha moja, familia nzima ndani. Aliponiambia kwenye simu nilicheka. Nimebeba mizigo ya watu tangu 1989, makontena, saruji, mchele wa msaada, mafuta ya kupikia. Nimeshusha wa mwisho juzijuzi tu, na mtoto ananiambia nipakie minne mingine nyuma ya nyumba yangu! Yeye hakucheka.

Sasa niwaeleze hicho kiwanja kilipotoka, maana mkisikia bustani mtadhani ni kitu cha matajiri wa Kololo.

Mnakumbuka 2020, mwaka wa korona. Mwezi wa tano na wa sita tulikuwa tunapimwa pale mpakani Malaba, tunakaa kwenye foleni tukingoja majibu, na dereva wa lori akawa mtu wa kukimbiwa. Nilifika nyumbani na karatasi yangu safi, lakini nikaona macho ya majirani, nikamwambia mama watoto nitakaa stoo ya nyuma siku 14. Akawa ananiwekea sahani dirishani, anagonga, anaondoka. Na nyuma pale palikuwa jalala. Mawe, matofali yaliyopasuka, sampu ya gari lililokufa zamani, matairi sita, na jivu la jikoni la miaka yote tuliyokaa hapa.

Siku ya tatu nikaona kwenye lile jivu mpapai umechipuka. Majani manne. Sikuwa na redio, na bando la simu lilikuwa limeisha, basi nikaanza kuondoa mawe kuuzunguka, mikono ipate kazi. Nikayapanga mstari. Kesho yake nikauona mstari umepinda, nikaupanga upya. Siku ya 14 mama yao akaja kuniambia nitoke, akanikuta nimepiga magoti natafuta mizizi ya sangari, lile gugu sugu, namwambia angoje kidogo.

Leo nusu ya juu ni yake: dodo (mchicha wetu wa huku), sukuma, mgagani, mchaichai kwenye kona. Nusu ya chini ni yangu, na haina kitu cha kula isipokuwa mpapai na mwembe mkubwa tulioukuta. Nina waridi mbili zinazonisumbua, asumini iliyopanda ukuta wa stoo, na uzio wa haibiskasi nyekundu upande wa jirani. Matairi yale sita niliyapaka chokaa, nikapanda maua ndani.

Na kiti. Tajiri wangu alipouza lile lori kama chuma chakavu, niliomba kitu kimoja tu, kiti cha dereva. Nimekifunga kwa bolti juu ya mbao mbili chini ya mwembe. Kimechakaa upande wa kushoto, upande wa gia, na springi yake bado inanijua mgongo. Saa kumi alfajiri macho yangu yanafunguka yenyewe, ni mazoea ya barabara, basi nachukua chai yangu naenda kukaa. Kwanza wanapita ndege kwarara wakipiga kelele kama mtu aliyekanyagwa kidole. Halafu kunapambazuka, mwamba unatoka gizani polepole, na saa moja ndege aitwaye chozi anakuja kwenye haibiskasi.

Huyu ndege nimemtazama miaka, nikamgundua ni mwizi. Mgongo wake unang'aa kijani kama oili iliyomwagika kwenye dimbwi. Ua la haibiskasi ni refu kuliko mdomo wake, kwa hiyo hapiti mlangoni. Anashika kikonyo, anazunguka nyuma, anatoboa tundu dogo kwenye kitako cha ua, ananyonya utamu bila kugusa chavua. Ni kama taniboi, yule msaidizi wa dereva, anayefyonza dizeli ya tajiri usiku malori yakilala pale Salgaa! Nilicheka peke yangu siku ya kwanza niliyoliona lile tundu. Nimewahi kufukuza mataniboi wawili kwa kosa hilo hilo, na huyu namtengea uzio mzima.

Miaka 31 niliiona nchi kupitia kioo cha mbele, na yote ilikuwa inakimbia. Nikikaa kwenye kiti kile kile na mbele yangu hakuna kinachokimbia, pressure inashuka. Sijui nimweleze vipi mtoto aliyesoma hesabu.

Swali la udongo: chini ya mwembe, kuzunguka kiti, hakuoti kitu. Nimejaribu nyasi mara tatu. Kuna kivuli kizito na majani makavu tu. Nipande nini?

---

Landilodi wa Mbale:

Mzee, jenga. Mimi nilianza na vyumba viwili, leo nina tisa. Hata ukipangisha kwa 80,000 tu, minne ni 320,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 3,840,000. Chozi anakulipa ngapi? Maua yanakaa hata kwenye ndoo mlangoni. Ungekuwa na mtoto asiyejali angekuomba uuze kiwanja chote, huyu anataka kukuachia kitu cha kukulisha uzeeni, na wewe unamtafutia ushauri mtandaoni wa kumkatalia.

---

Fundi Jinja:

Landilodi ana haki kwenye hela, lakini ngoja tupime kwanza kabla hatujamwaga zege.

Mzee, hatua yako moja nikiipa sentimita 75, kiwanja ni mita kumi na nusu kwa sita na robo tatu. Chumba cha kupangisha ambacho mtu anaingiza kitanda na jiko si chini ya mita tatu upana. Minne kwa mstari ni mita 12 kabla sijahesabu unene wa kuta. Haiingii. Itaingia mitatu, au minne ya kubananisha ambayo mpangaji atakaa miezi miwili ahame.

Halafu choo. Wapangaji wanne na watoto wao hawawezi kutumia choo chenu, kwa hiyo unachimba kingine, pamoja na shimo la maji machafu. Kiko wapi kiwanja cha hivyo? Na watapita wapi? Kama geti ni moja, watapita kando ya dirisha la chumba chenu cha kulala, saa tano usiku, na redio. Tena uko ndani ya manispaa, Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka ramani na kibali kabla ya jiwe la kwanza. Ukijenga kimyakimya watakuja na rangi nyekundu waandike X ukutani.

Mwembe lazima ukatwe ukijenga, hilo usidanganywe. Mizizi yake itakuwa imeshafika kila mahali kwenye kiwanja hicho.

Mchore mtoto wako hiyo picha kwenye karatasi. Usimwambie habari za moyo, mwambie habari za choo.

---

Landilodi wa Mbale:

Fundi, hapo kwenye choo umenishika. Kesi zangu zote za wapangaji zinaanzia chooni.

---

Nesi wa Arua:

Baba, shikamoo. Mimi sina neno kuhusu kujenga, niko hapa kwa ajili ya matairi sita.

Tairi lililolazwa lina ule mfereji wa ndani, na hata ukijaza udongo katikati, mara nyingi udongo haufiki kwenye mfereji, maji ya mvua yanakaa mle. Pale ndipo mbu wa aina ya Aedes anapopenda kutaga, yule anayeuma mchana. Viluwiluwi vyake vinahitaji kama wiki moja tu vigeuke mbu. Wewe uko Tororo ambako mvua na ngurumo ni siku nyingi za mwaka, kwa hiyo matairi yako hayakauki. Pasha moto msumari mnene, toboa matundu manne matano upande wa chini wa kila tairi, kisha sukuma udongo kwa mkono mpaka ujaze ule mfereji kabisa.

Nimeambiwa na wagonjwa wengi kwamba majani na maua ndiyo yanaleta malaria. Mbu anapumzika kwenye majani, ndiyo, lakini anazaliwa kwenye maji. Fukia maji, acha maua. Na jioni usikae kwenye hicho kiti chako miguu wazi.

---

Dereva Mstaafu:

Mwanangu nesi, marahaba. Nimetoka kupiga tochi ndani ya tairi la tatu. Mama yangu! Wanacheza kama samaki. Nimemwaga yote sita kabla sijanywa chai, kesho natoboa. Kuhusu ngurumo umesema kweli, vijana wa siku hizi hawajui kuwa Tororo iliwahi kuandikwa kwenye vitabu vya rekodi za dunia kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kati ya 1967 na 1976. Nilikuwa mtoto, na nilidhani dunia nzima inanguruma hivyo.

---

Mama wa Vanila, Mukono:

Mzee wangu, mimi nakujibu lile la udongo, maana umelitupa mwisho kama halina maana.

Nyasi hazitaki kivuli, acha kuzitesa. Chini ya mwembe panda vitu vilivyozaliwa msituni: manjano, tangawizi, majimbi karibu na mahali maji yanapotiririka. Majani makavu usiyafagie. Najua wanawake wetu wanapenda ua lililofagiliwa hadi mchanga uonyeshe mistari ya ufagio, na mama mkwe wangu alinisumbua kwa hilo miaka mingi, lakini majani yale yakioza ndiyo chakula.

Halafu nikuambie kitu. Panda vanila, rando moja tu. Omba kipande cha urefu wa mita moja kutoka kwa mtu mwenye mmea usio na ugonjwa, kiweke kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha ulaze kitako chake kwenye majani yaliyooza, usikifukie sana, na ukifunge kwenye mti. Mizizi yake iko juujuu, kwa hiyo jembe lisikaribie tena pale. Punguza matawi ya chini ya mwembe ili jua liingie kwa madoadoa, kivuli kizito mno kitakupa majani bila ua. Rando likipita kimo cha mkono wako, lishushe lining'inie. Kiangazi cha Desemba hadi Februari ulimwagilie, huko kwenu ni pakavu kuliko kwetu.

Utangoja, labda miaka mitatu. Lakini wewe uliyekaa kwenye foleni ya Malaba hutashindwa kungoja.

Sasa sikiliza kwa nini nimekufikiria wewe. Ua la vanila linafunguka asubuhi moja tu, na jioni limeshanyauka. Asili yake ni Mexico, na nyuki wake wa huko hatunaye hapa. Kwa hiyo lazima mtu aamke, aende na kijiti chembamba kama cha kuchokolea meno, alipasue ua kwa upole upande mmoja, ainue kile kijiutando kidogo kinachotenganisha dume na jike, na avibonyeze kwa kidole gumba. Mara moja, sekunde chache. Ukichelewa hadi mchana, limepita. Aliyeigundua njia hiyo alikuwa mtoto mtumwa wa miaka 12 kule kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841, na hadi leo sisi wote tunaifanya kama yeye. Shada zima la maua halifunguki pamoja. Leo moja, kesho moja au mawili, wiki kadhaa. Mimi wakati wa maua siendi msibani kabla ya saa tano, na ndugu zangu wananisema.

Ganda linakaa mtini miezi minane, tisa. Usimwambie mtoto wako kwamba ni biashara, mmea mmoja hauna biashara, tena ukitangaza vanila utaletewa wezi, sisi huku tunalala shambani na marungu. Panda tu. Wewe ambaye unaamka saa kumi bila sababu, utapata sababu.

---

Kijana wa Ntinda:

Mzee, mimi ndiye kama huyo mtoto wako. Sisemi mimi ni yeye, msianze!

Baba yangu yuko Soroti na ana miembe yake, na mimi pia nimewahi kumpigia na mpango wa vyumba. Alikasirika wiki mbili. Kitu ambacho hakuniuliza ni kwa nini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepoteza kazi ya pili, ile ya jioni, na hela niliyokuwa namtumia kila mwezi ilitoka pale. Nikawa natafuta kitu kitakachomlipa badala yangu bila mimi kusema nimeishiwa. Vyumba vilikuwa njia ya kusema hivyo.

Labda wako ana sababu nyingine. Ila umetueleza habari za ndege, za kiti, za jivu, na hujatueleza mtoto alisema nini baada ya wewe kucheka.

---

Dereva Mstaafu:

Nimenyamaza siku tisa. Kijana wa Ntinda alinipiga mahali.

Nilimpigia simu jioni ile ile. Sikumtajia bustani. Nikamuuliza, "Baba, uko sawa?" Sisi watoto wetu wa kwanza tunawaita baba. Akasema yuko sawa. Nikanyamaza, nikamwacha na ukimya, mbinu niliyojifunza kwa askari wa barabarani. Basi akasema. Dawa za pressure za mama yake, zile anazozichukua kila mwezi, nilikuwa naamini zinatolewa bure pale zahanati. Kumbe tangu mwaka juzi mara nyingi hazipo, na mama yake amekuwa akimpigia yeye, ananunua Kampala, anazituma na basi. Wawili hao walikubaliana nisiambiwe kwa sababu pensheni sina, na mimi ningeuza kitu. Walijua ningeuza pikipiki. Ni kweli ningeuza.

Kwa hiyo mama watoto hakuwa amenyamaza kungoja nani atashinda, kama nilivyodhani. Alikuwa kwenye timu ya upande mwingine, tena nahodha.

Jumamosi kijana alikuja. Nilikuwa nimechora picha ya Fundi Jinja nyuma ya kalenda, na choo nimekitia rangi nyekundu. Akatoa futi ya chuma, akapima mwenyewe, akapata mita kumi na sentimita 20, maana hatua zangu za uzeeni ni fupi kuliko Fundi alivyonipa. Tukazunguka mara mbili. Mwisho tumekubaliana hivi: stoo niliyokaa siku zile 14 inavunjwa ukuta mmoja, inaongezwa, inakuwa chumba kimoja kizuri chenye mlango wa upande wa barabara, na mpangaji atakuwa mmoja, mwalimu au nesi, wa kutumia choo chetu cha nje ambacho hatukitumii. Kodi inaingia kwenye simu ya mama yao moja kwa moja. Asumini itabidi ishuke ukutani. Hilo limeniuma, sifichi, nimekata vipande vitano nimevipanda kwenye makopo, tuone vitakavyoshika.

Bado tunabishana juu ya tawi moja la mwembe linaloinamia paa la stoo. Yeye anataka likatwe lote. Mimi nasema Mama wa Vanila ameagiza matawi ya chini, siyo lile. Mama yao anasema tawi lile ndilo lenye embe tamu na atakayeligusa atajipikia.

Mama wa Mukono, rando nimelipata kwa jamaa wa Iganga, dereva mwenzangu, limekuja kwenye kabini kutoka kwake kama abiria. Liko kivulini, kidonda kinakauka. Swali: nilifunge upande wa mashariki wa mti au wa magharibi? Na je, jivu lile la zamani linafaa chini yake au litaliunguza?

Nijibu polepole, ngurumo imeanza upande wa mwamba na sijafunika kiti.

---

Mama wa Vanila, Mukono:

Mashariki, lipate jua la asubuhi liepuke la mchana. Jivu usiweke, tia majani tu. Kafunike kiti kwanza.